Nguo ya Marekani na Mkataba wa Maskati



Siku moja nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wa ualimu habari za biashara ya zamani ya pwani yetu. Kijana mmoja akanyosha mkono akauliza, "Mwalimu, bibi yangu huiita marekani ile nguo ya pamba nzito isiyotiwa rangi. Kwa nini nguo ikapewa jina la nchi?" Nikamjibu kwamba jina limetoka kwa wale walioileta, maana zaidi ya miaka mia iliyopita merikebu za Wamarekani, nyingi zao za mji wa Salem, zilikuwa zikifika Unguja na robota za nguo hiyo, na kurudi kwao na pembe za ndovu, sandarusi, karafuu na ngozi. Watu wa bara wakaipenda nguo ile kwa kuwa ilidumu, na jina la wenye kuileta likaigandama hata leo.

Nikadhani kijana ametosheka, kumbe bado. Akauliza tena, "Na hao Wamarekani walipofika, ni nani aliyewapa ruhusa ya kuuza? Tena mtu akiwadhulumu, au wao wakimdhulumu mtu, kesi ilikwenda kwa nani?"

Swali la kwanza lilikuwa swali la nguo. Hili la pili ni swali la sheria, nalo ni zito zaidi. Sikulijibu siku ile, nilimwahidi kulijibu. Na kwa kuwa ahadi ni deni, leo nalipa deni langu mbele yenu nyote.

Kwanza tufikiri kidogo. Mtu anayeuza katika soko la kijiji chake ana mambo mengi asiyohitaji kuyauliza. Anajua ushuru wa soko ni kiasi gani, anamjua mzee wa baraza, na akifa mali yake itawafikia watoto wake, maana jamaa wapo. Lakini mtu huyo akipakia mali yake chomboni akaenda nchi ya watu, yale yote aliyoyajua hayamfai tena. Yampasa aulize upya: Naruhusiwa kuuza kwa kila mtu, au kwa watu fulani tu? Ushuru ni kiasi gani, na baada ya huo kuna ada nyingine? Bei nitaiweka mimi au mkubwa wa nchi? Tukigombana, hakimu ni nani na sheria ni ipi? Chombo kikivunjika, mali iliyookolewa ni ya nani? Nikifa huku, nani ataitunza amana yangu? Mwenye kusafiri kabla ya kuyauliza hayo ameweka mali yake juu ya mchanga.

Hivyo ndivyo yalivyompata Mmarekani mmoja jina lake Edmund Roberts, mtu wa Portsmouth katika jimbo la New Hampshire. Mwaka 1827 alifika Unguja kwa merikebu iitwayo Mary Ann, akitumaini kupata faida. Akaona mambo si kama alivyodhani. Hakuweza kununua na kuuza kwa amtakaye, ila ilimpasa apitie kwa watu wa serikali. Siku zikapita, gharama za merikebu zikazidi, na faida ikapungua. Mwezi wa Januari mwaka 1828 Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, alikuwapo Unguja. Roberts akamwendea, akamweleza malalamiko yake, akasema kwamba Waingereza hutendewa kwa wepesi kuliko Wamarekani.

Seyyid Said hakumfukuza, wala hakukasirika. Alikuwa mtu wa bahari na biashara, akijua kwamba bandari bila wageni ni ufuo mtupu. Akamwambia Roberts kwamba angependa kufanya mapatano ya biashara na serikali ya Marekani, ili wafanyabiashara wao waje kwa wingi. Basi Roberts aliporudi kwao akaandika habari hiyo kwa Levi Woodbury, mtu mkubwa wa jimbo lake. Baadaye Woodbury akawa waziri wa manowari, na mwaka 1832 Rais Andrew Jackson akamtuma Roberts kwa manowari iitwayo Peacock, afanye mikataba ya biashara na wafalme wa Mashariki. Alifika Kochini-China akarudi mikono mitupu. Akafika Siam, na mwezi wa Machi mwaka 1833 akatia saini mkataba huko. Kisha akaelekea Maskati.

Mkataba wa Maskati ulitiwa saini tarehe 21 Septemba mwaka 1833, yaani mwezi 6 Jumada al-Awwal mwaka 1249 wa Hijra. Uliandikwa kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, nao una mafungu tisa. Nitawaeleza mambo yake makubwa moja moja, nanyi linganisheni na yale maswali niliyoyataja.

Fungu la kwanza ni la amani ya daima baina ya nchi mbili. Fungu la pili ndilo lililotibu jeraha la Roberts. Linasema kwamba raia wa Marekani wana uhuru wa kuingia bandari zote za Sultani na shehena ya namna yo yote, na kuuza kwa ye yote atakaye kununua, au kubadilishana mali kwa mali. Na kwamba Sultani wala watu wake hawatapanga bei ya vitu vyao. Ila jambo moja lilizuiliwa: bunduki, baruti na risasi zisiuzwe katika kisiwa cha Unguja kwa mtu ye yote isipokuwa serikali. Angalieni jambo hili, maana latufundisha kwamba hata mwenyeji mkarimu huwa na chumba kimoja ambacho mgeni hakiingii. Kila nchi ina vitu inavyovichunga, na mfanyabiashara mwenye akili huuliza habari za chumba hicho kabla ya kufungua mizigo yake.

Fungu la tatu ni la ushuru. Merikebu ya Marekani itatozwa tano katika kila mia kwa mali iliyoshushwa pwani, basi. Hiyo tano ni badala ya ada zote: ushuru wa kuingiza na wa kutoa, ada ya ukubwa wa chombo, leseni ya biashara, malipo ya rubani na ada ya kutia nanga. Wala mali isiyoshushwa haitozwi kitu. Tuseme nahodha amekuja na nguo za reale 3,000. Akishusha za reale 2,000 atalipa reale 100. Zile za reale 1,000 zilizobaki chomboni atakwenda nazo bandari nyingine bila kulipia hata pesa moja. Tena merikebu iliyoingia kutengenezwa, au kuchukua maji na chakula, au kuuliza tu habari za soko, haitozwi. Mtaona kwamba faida ya fungu hili si uchache wa ushuru tu, ni kujulikana kwake. Mfanyabiashara akiwa angali Salem aliweza kukaa mezani kwake na kalamu, akahesabu gharama zake zote kabla ya kung'oa nanga. Ushuru mzito unaojulikana waweza kuhesabiwa. Ushuru mwepesi unaobadilika kila mwezi humla mtu bila yeye kujua.

Fungu la nne linasema Wamarekani hawatalipa zaidi ya taifa lile linalopendelewa kuliko yote. Neno hili ni dogo lakini lina nguvu. Maana yake, Sultani akimpunguzia mgeni mwingine ushuru, Mmarekani naye amepunguziwa. Fungu la sita linawapa ruhusa ya kushuka na kukaa mjini kwa biashara bila kutozwa kodi nyingine.

Fungu la tano ni la merikebu zinazovunjika, nalo lina kisa chake. Roberts alikuwa ameandika katika rasimu yake kwamba serikali ya Marekani italipa gharama zote za kuwalisha na kuwatunza mabaharia watakaookoka. Sultani akakataa. Akasema jambo hilo ni kinyume cha desturi za Waarabu na haki ya mgeni. Mtu aliyetupwa na bahari katika nchi yake atatunzwa kwa mali yake Sultani. Basi fungu likabadilishwa, ikaandikwa kwamba watu watakaookoka watapokewa na kukirimiwa kwa gharama ya Sultani, na mali yao watarudishiwa.

Miaka miwili baadaye maneno hayo yakapimwa. Mwezi wa Septemba mwaka 1835 Roberts alikuwa akirudi na manowari ile ile Peacock, akiuleta mkataba uliokwisha kubaliwa kwao. Usiku wa tarehe 21 Septemba, siku ile ile ya saini miaka miwili nyuma, manowari ikapanda mwamba karibu na kisiwa cha Masira, katika pwani ya Omani. Wakaitupa baadhi ya mizinga baharini ili chombo kipate wepesi. Roberts mwenyewe akashuka katika mashua pamoja na watu wachache, akaenda Maskati kwa safari ya hatari kuomba msaada. Seyyid Said akatuma chombo kuwasaidia. Na baadaye mizinga ile iliyotupwa ikaopolewa na watu wake, ikarudishwa kwa Wamarekani bila malipo. Peacock ilijinasua ikafika Maskati, na tarehe 30 Septemba mwaka 1835 hati zikabadilishwa. Roberts hakuishi kuona matunda ya kazi yake. Alikufa Macao, nchi ya Uchina, mwezi wa Juni mwaka 1836.

Sasa nafika fungu la tisa, ambalo ndilo jibu la swali la mwanafunzi wangu. Linasema Rais wa Marekani aweza kuweka mabalozi katika bandari zenye biashara kubwa, na kwamba balozi peke yake ndiye mwamuzi wa magomvi yote ya Wamarekani wao kwa wao. Mmarekani akifa katika nchi ya Sultani, balozi atachukua mali yake, atalipa kwanza madeni aliyodaiwa na raia wa Sultani, kisha atawapelekea warithi kilichobaki. Balozi mwenyewe hakamatwi, wala watu wa nyumba yake, wala mali yake haishikwi. Akivunja sheria za nchi atashtakiwa kwa Rais wa Marekani, naye Rais atamwondoa mara moja.

Balozi wa kwanza wa Marekani aliyekaa Unguja alikuwa Richard Waters, mtu wa Salem, aliyefika mwezi wa Machi mwaka 1837. Bwana huyo alikuwa balozi, na papo hapo mfanyabiashara. Mwamuzi wa magomvi ya biashara alikuwa na duka lake! Hapo ndipo tunapojifunza kwamba hati ni jambo moja na desturi ni jambo jingine.

Maana forodha ya Unguja siku zile haikusimamiwa na makarani wa Sultani. Ilikodishwa. Mwenye kuikodi alikuwa Jairam Shivji, Mhindi wa Kachi, ambaye kila mwaka alimlipa Sultani fedha waliyopatana, naye akakusanya ushuru akaweka faida yake. Karani mdogo, mchukuzi na mwenye mashua, wote walimtazama Jairam. Waters alilijua hilo upesi. Alielewana naye, na biashara nyingi ya Wamarekani ikapita mikononi mwa Jairam. Waingereza waliokuja baadaye kuuza nguo wakalalamika kwamba wanaona milango imefungwa, ingawa kwa hati milango yote ilikuwa wazi. Basi mgeni asidhani kwamba akiisha kusoma sheria amemaliza kazi; imemlazimu pia kumjua mtu aliyeshika ufunguo wa forodha. Lakini akielewana naye kupita kiasi, wenziwe watasema kwamba amenunua mlango wa watu wote.

Labda mtu atauliza, "Je, mkataba huu ulikuwa wa faida ya wageni tu?" Hapana. Fungu la nane lilisema kwamba merikebu za Sultani zikienda Marekani hazitalipa zaidi ya zile za taifa linalopendelewa. Wafalme wengi wangeliacha neno hilo lilale katika karatasi, lakini Seyyid Said alilijaribu. Mwisho wa Aprili mwaka 1840 merikebu yake iitwayo Sultana ilitia nanga New York, nahodha na mjumbe akiwa Ahmad bin Naaman. Ilichukua pembe, karafuu, tende, kahawa na ngozi. Watu wa mji ule wakajaa gatini kutazama. Serikali ya Marekani ikaitengeneza merikebu hiyo bila malipo, na mwezi wa Agosti ikaanza safari ya kurudi ikiwa imesheheni mali ya huko.

Katika safari ile palitokea kisa kingine cha sheria. Sultani alimpelekea Rais Van Buren zawadi: farasi wawili wa Kiarabu, lulu, shali, marashi ya waridi na vinginevyo. Kwa desturi yetu kukataa zawadi ni kumvunjia mtu heshima. Lakini sheria kuu ya Marekani yamkataza mtu wa serikali kupokea zawadi ya mfalme wa kigeni pasipo idhini ya baraza lao kubwa. Rais ikambidi aliulize baraza, na baraza likakubali vitu vipokewe kwa jina la taifa, vikauzwa, na fedha ikatiwa katika hazina. Hakuna aliyekosa adabu hapo, aliyepeleka wala aliyepokea. Ila kila mmoja alifuata sheria ya kwao. Mfanyabiashara wa leo azingatie hayo, maana kitu kiitwacho adabu katika nchi moja chaweza kuitwa rushwa katika nchi nyingine.

Wakati huo mataifa mengine hayakulala. Tarehe 31 Mei mwaka 1839 Waingereza walipatana na Seyyid Said mkataba wao, mjumbe wao akiwa Kapteni Robert Cogan. Huu ulikuwa na maneno marefu zaidi, na mambo matatu yafaa kutajwa.

La kwanza ni la mahakama. Mwingereza akimshtaki raia wa Sultani, kesi itaamuliwa na mkubwa wa serikali ya Sultani, lakini mbele ya balozi wa Kiingereza. Raia wa Sultani akimshtaki Mwingereza, kesi ni ya balozi. Yaani kila mshtakiwa huhukumiwa na mkubwa wake.

La pili ni la mtu aliyefilisika. Mwingereza akishindwa kulipa madeni, balozi atachukua mali yake yote na kuwagawia wanaomdai. Akiisha kutoa yote aliyo nayo, amewekwa huru, wala mali atakayoipata baadaye haidaiwi kwa madeni yale ya zamani. Fikirini jambo hilo lilivyomgusa mwenye duka wa Unguja aliyezoea kwamba deni halimwachi mtu mpaka limelipwa. Aliyemkopesha mgeni bila kujua sheria hiyo, alikopesha gizani.

La tatu ni la Mrima. Sultani aliahidi kwamba hataweka biashara ya mtu mmoja peke yake mahali po pote, isipokuwa biashara ya pembe na sandarusi katika pwani toka Mtangata hata Kilwa. Huko, pamoja na Bagamoyo na bandari nyingine za katikati, njia za misafara ya bara zilipokutana na bahari, aliwahifadhia raia wake. Mgeni anunue Unguja. Asiende kumtangulia raia njiani.

Lakini mkataba wa Marekani wa mwaka 1833 haukuwa na neno hilo! Ulisema "bandari zote." Basi kwa miaka mingi palikuwa na mabishano. Wamarekani wakasema, "Hati yetu haina Mrima wala Unguja, ina bandari zote." Sultani akaona kwamba neno alilolitoa kwa moyo mweupe mwaka 1833 limekuwa pana kuliko alivyokusudia. Kwa kweli biashara ya Mrima ilibaki mikononi mwa watu wake, ila kwa kushindana na maandiko yake mwenyewe. Wazee wetu walisema usiandikie mate na wino ungalipo. Nami naongeza kwamba ukiandika kwa wino, pima kila neno, maana wino haufutiki kama mate.

Tarehe 17 Novemba mwaka 1844 Wafaransa nao wakafanya mkataba, wakapata ruhusa ya kununua na kukodi ardhi, nyumba na maghala; tena raia wa Sultani waliokuwa katika kazi ya Wafaransa wakapata ulinzi kama Wafaransa wenyewe. Mwaka 1859, Seyyid Majid akitawala baada ya baba yake, miji mitatu ya Kijerumani, Lübeck, Bremen na Hamburg, ikapata mkataba wake.

Sasa, wasikilizaji wangu, tuziweke hati hizi zote mezani pamoja tuone zilifanya nini. Kila moja peke yake ilikuwa na maana nzuri. Zilileta merikebu, na merikebu zikaleta mali, na Unguja ukawa mji mkubwa wa biashara katika pwani hii. Lakini kila hati ilikata kipande cha mamlaka ya nchi. Ushuru wa tano katika mia uliomvutia mgeni ulimfunga mwenyeji. Mtawala aliyekuja nyuma hakuweza kuuongeza kwa amri yake tu, maana babu zake walikwisha kutia saini. Na mahakama za mabalozi zilikua. Hapo mwanzo balozi aliwaamua watu wake wachache waliopita na merikebu. Baadaye likaja swali: Na Wahindi waliotoka nchi zilizo chini ya Uingereza, wanaokaa Unguja kwa maelfu, ni raia wa nani? Balozi wa Kiingereza akasema ni wa kwake. Mwaka 1860 Balozi Rigby aliwaamuru Wahindi waliohesabiwa kuwa chini ya ulinzi wa Uingereza wawaache huru watumwa wao. Kuachwa huru kwa watu wale lilikuwa jambo la haki, wala hakuna atakayelisikitikia. Lakini angalieni ni nani aliyetoa amri katika mji wa Sultani. Amri haikutoka katika jumba la mtawala. Ilitoka katika nyumba ya balozi, na chimbuko lake ni fungu moja katika mkataba wa biashara.

Mwaka 1890 Unguja ukawekwa chini ya himaya ya Uingereza. Sisemi kwamba mikataba ya biashara peke yake ndiyo iliyoleta hayo. Yalikuwako mambo mengine mengi, ya nguvu na ya manowari. Nasema tu kwamba mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa kidogo kidogo, na bawaba zake zilikuwa ni hati. Ile haki ya Wamarekani kuhukumiwa na balozi wao hapa Unguja ilikaa hata mwaka 1905, ndipo serikali yao ilipokubali kuiacha. Tangu saini ya Maskati ilikuwa imepita miaka 72.

Basi tujifunze nini? Nitasema kwa pande mbili, upande wa mgeni na upande wa mwenyeji, maana katika maisha kila mmoja wetu huwa huyu leo na yule kesho.

Wewe unayekwenda kufanya biashara ugenini, hata kama ni kuvuka mpaka tu na magunia matatu ya mahindi au vitenge vya kuuza, fanya kama Roberts alivyofanya safari ya pili, wala si kama alivyofanya ya kwanza. Uliza ushuru wote na ada zote kabla ya kutoka kwako. Uliza vitu gani vimezuiliwa. Jua ni mahakama gani itakayokusikiliza. Andika mapatano yako, na ikiwa ni kwa lugha mbili, mtafute mtu mwaminifu azijuaye zote mbili, akusomee neno kwa neno. Weka hesabu, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Na jamaa zako wajue uliko na mali yako iliko, ili ukipatwa na amri ya Mungu wasibaki kupapasa.

Nawe mwenyeji unayempokea mgeni wa biashara, uwe mkarimu kama Seyyid Said alivyokuwa kwa mabaharia wa Peacock. Ukarimu ule haukumpunguzia kitu, ulimwongezea sifa. Lakini tofautisha ukarimu na haki. Chakula na malazi mpe mgeni bila kuhesabu. Shamba, forodha na baraza la kuamua, hivyo vihesabu mara mbili. Kabla ya kutia kidole gumba katika karatasi, uliza: Neno hili litakuwaje mikononi mwa mjukuu wangu? Maana anayetia saini hufa, na saini hubaki.

Vijana, mkirudi nyumbani jioni hii, mwulizeni bibi kama bado ana kipande cha marekani sandukuni. Mkikipata, kishikeni mkijua kwamba mkononi mwenu mna pamba, safari ya miezi mingi baharini, na mafungu tisa ya sheria yaliyoandikwa Maskati.